Hii Ina Njugu? Swali la Kuuliza Kabla ya Kulipa

Ukimuuliza muuzaji wa keki au mandazi katika soko lolote la Mumias Magharibi, Musanda ikiwemo, kama anachouza kina njugu, jibu utakalopata mara nyingi ni la ukarimu: "Haina shida, mama. Hata watoto wangu wanakula." Muuzaji huyo hadanganyi. Anakuhakikishia kwamba chakula chake ni safi, kimepikwa leo, na kwamba hatakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kula. Lakini wewe hukuuliza kuhusu usafi. Uliuliza kuhusu njugu kwa sababu una mtoto ambaye midomo humvimba akizila, na swali lako limebaki pale pale.

Sisi wa taaluma ya lishe tumezoea kuwapima wauzaji wa chakula kwa usafi: mikono imeoshwa, chakula kimefunikwa, maji yamechemshwa. Vipimo hivyo vina maana, na vimeokoa watu wengi kutokana na kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa mwenye mzio wa chakula, au aleji kama wengi wanavyoiita, havitoshi. Mandazi yanaweza kuwa safi kabisa na bado yakamlaza mtoto hospitalini. Kwa maoni yangu, duka zuri la vitamutamu ni lile ambalo muuzaji anajua kilichomo ndani ya anachouza, na asipojua anasema hajui.

Musanda ni wadi ya eneobunge la Mumias Magharibi, kaunti ya Kakamega, katika nchi ya miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 na ikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, lakini miwa haikukoma kulimwa, na sukari nguru bado inapikwa katika kaunti hii. Kwa hiyo watu wa huku wakisikia kwamba vitu vitamu vimemdhuru mtoto, wa kwanza kushukiwa huwa sukari. Sukari ina makosa yake, kwa meno na kwa kisukari, ila mzio si mojawapo. Mzio wa chakula huchochewa karibu kila mara na protini, na sukari iliyosafishwa haina protini. Shida iko kwa vile vinavyoandamana na sukari.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO lilitaja makundi 8 ya vyakula ambayo yanapaswa kupewa uzito wa kwanza duniani kote: nafaka zenye gluteni kama ngano, mayai, maziwa, njugu karanga, simsim, kokwa za miti kama korosho na lozi, samaki, na jamii ya kamba na kaa. Hebu simama mbele ya kabati la kioo la muuzaji wa vitamutamu uhesabu. Makundi 6 kati ya hayo 8 ndiyo malighafi ya kazi yake. Samaki pia anaweza kuingia, iwapo karai lililokaanga omena asubuhi ndilo linalokaanga mandazi jioni. Hata kundi la kamba na kaa haliko mbali. Katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, watafiti wamekuwa wakitengeneza biskuti zilizoongezwa unga wa nyenje, na kumbikumbi ni chakula cha jadi katika Magharibi yote. Wadudu hao wana protini iitwayo tropomayosini inayofanana sana na ile ya kamba, kwa hiyo mtu mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika na biskuti ya nyenje bila kuelewa kwa nini. Naiunga mkono kazi ya nyenje kwa moyo wote, maana tunahitaji protini ya bei nafuu. Ila pakiti yake sharti iseme kilichomo.

Mwilini mambo huenda hivi. Mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, humtambua mgeni asiye na hatia, tuseme protini ya njugu, kama adui. Hutengeneza kingamwili za aina ya IgE na kuziweka tayari juu ya seli maalumu kwenye ngozi, mapafu na utumbo. Siku protini hiyo inaporudi, seli hizo hupasua akiba yao ya kemikali kwa pamoja. Ngozi hutoka mabaka ya kuwasha, midomo na kope huvimba, tumbo husokota, mtu hutapika. Hali ikiwa mbaya zaidi, koo hubana, pumzi hupiga mluzi na shinikizo la damu huporomoka. Huo ndio mshtuko wa mzio, anafilaksisi. Mara nyingi yote haya huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula, na kiasi cha kuyaanzisha kwa mtu mwenye mzio mkali hupimwa kwa miligramu. Moto hausaidii kama watu wanavyodhani: protini kuu za njugu hustahimili kukaangwa na kuokwa.

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Mandazi ni unga wa ngano, sukari, hamira au beking pauda, pengine iliki. Baada ya hapo kila mpishi ana njia yake, na njia hiyo hubadilika kwa siku. Leo maziwa yapo, unga unakandwa kwa maziwa. Kesho yameadimika, unakandwa kwa maji. Mteja fulani amependa mandazi laini, yai moja linaongezwa. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. KDF, yale mandazi magumu ambayo mtoto hutia mfukoni akienda shule, huwa na vitu vichache zaidi, ila hayo pia hutegemea mkono uliokanda. Kuhusu mafuta, mengi ya kupikia yanayouzwa madukani Kenya hutokana na mawese na husafishwa kiwandani, kwa hiyo mafuta mapya si mahali pa kwanza pa kutia shaka. Yale yaliyokwisha kutumika ndiyo hubeba mabaki ya kila kilichopita ndani yake.

Kashata ya njugu na vidonge vya simsim vilivyoshikanishwa kwa sukari huwatia watu hofu, lakini kwangu hivyo ni vyepesi kuliko vyote, kwa sababu njugu unaiona na simsim unaiona. Hatari iko pale kitu kinaposagwa. Siagi ya njugu ikipakwa katikati ya keki, au njugu zilizopondwa zikichanganywa na chokoleti, jicho halitambui. Unga wa uji wa watoto, ule wa mchanganyiko, mara nyingi huwa na njugu, simsim, soya na hata omena ndani yake, na husagwa katika kinu kile kile ambacho dakika tano baadaye kitasaga mahindi ya jirani. Mwenye kinu hana kosa. Ni vyema tu mzazi ajue kwamba mahindi yake yamepitia humo.

Kisha kuna keki inayouzwa kipande kipande kibandani. Muuzaji wake, mara nyingi, hakuioka. Imetoka katika bekari ya mjini, imeletwa kwa katoni, na karatasi yenye orodha ya viungo, kama ilikuwepo, imebaki kwa aliyeuza kwa jumla au imeshawashiwa jiko. Ukimuuliza muuzaji huyo kama keki ina maziwa, unamuuliza jambo ambalo hajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Hapa ndipo "haina shida" inapokuwa hatari, na ndipo "sijui" inapokuwa jibu la kitaalamu kuliko yote. Ninatamani wauzaji wasilionee haya neno hilo. Mteja anayeambiwa "sijui, hii sikuioka mimi, lakini mandazi haya nimekanda mwenyewe, ni unga, sukari na maji tu" ameshapata huduma bora kuliko anayehakikishiwa kwa tabasamu.

Nataka nikae kidogo kwenye aiskrimu, kwa sababu hapo mambo yanaonekana waziwazi. Muuzaji ana ndoo za ladha mbalimbali, vanila, stroberi, chokoleti, pengine na moja yenye vipande vya njugu. Ana kijiko kimoja cha kuchotea. Kila baada ya kumhudumia mtu, hukitumbukiza katika kopo la maji, hukikung'uta mara moja, kisha huchota ladha nyingine. Kwa mtazamo wa usafi wa kawaida, amejitahidi. Kwa mtazamo wa mzio, kopo lile limekuwa mchuzi wa ladha zote, na kijiko kikitoka humo kuingia kwenye vanila, kinaibeba njugu hadi kwenye vanila. Baada ya saa kadhaa za mauzo hakuna tena ndoo isiyo na njugu. Dawa yake haina gharama kubwa: kila ladha na kijiko chake, na ile yenye njugu ikae pembeni, ichotwe mwisho. Kama vijiko havitoshi, basi muuzaji asimuuzie mwenye mzio wa njugu chochote kutoka katika meza hiyo, amwambie hivyo bila kuficha.

Mambo ni yale yale kwa kisu cha kukatia keki kilichotoka kupaka siagi ya njugu, kwa koleo moja linaloshika kashata na kisha mandazi, na kwa mikono. Kitambaa kikavu hakiondoi protini ya njugu. Maji na sabuni huiondoa. Dawa za kutakasa mikono, zile za pombe ambazo tulizizoea wakati wa korona, huua vijidudu lakini protini huiacha ilipokuwa.

Si kila maumivu baada ya keki ni mzio, na kuchanganya mambo haya kunawanyima watu chakula bure. Mtu mzima anayepata gesi na kuharisha akinywa maziwa, mara nyingi mwili wake umepunguza kimeng'enya cha laktesi kinachovunja sukari ya maziwa. Hali hiyo ni ya kawaida sana kwa watu wazima wa Afrika, isipokuwa katika jamii nyingi za wafugaji. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudan wana mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha kuendelea kumeng'enya maziwa ukubwani. Kutovumilia laktosi kunakera, lakini hakubani koo. Sumukuvu kwenye njugu au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya ni jambo la tatu kabisa: hiyo ni sumu, na humdhuru yeyote. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya. Mzio humchagua mmoja mezani na kuwaacha wengine wote wakishiba.

Wapo wanaosema mzio ni ugonjwa wa wazungu. Huko Afrika Kusini, watafiti waliwapima watoto wadogo kwa kuwalisha vyakula chini ya uangalizi wa daktari, wakakuta mzio wa chakula kwa asilimia 2.5 ya watoto wa jiji la Cape Town na asilimia 0.5 ya watoto wa vijijini katika Rasi ya Mashariki. Mayai na njugu ndivyo vilivyoongoza. Kwa hiyo kijijini upo, ingawa kwa uchache, na uchache huo ndio unaofanya mtoto mmoja asiaminiwe anaposema mdomo unamwasha. Ghana nako kumetoa fundisho: watoto wengi wa shule walikutwa na kingamwili za IgE dhidi ya njugu kwenye damu, ilhali ni wachache mno ambao ngozi zao ziliitikia zilipopimwa kwa njugu, na sehemu kubwa ya kingamwili hizo ilihusishwa na kichocho. Katika maeneo yetu yenye minyoo na kichocho, kipimo cha damu peke yake kinaweza kumpa mtoto mzio asiokuwa nao. Asimulie kwanza kilichompata, kisha kipimo kifuate.

Nasisitiza hili kwa sababu sitaki mzazi yeyote wa Musanda asome makala hii na kumnyima mwanawe njugu kwa hofu. Njugu na simsim ni protini na mafuta mazuri yanayopatikana sokoni kwa bei nafuu. Mwaka 2015 utafiti wa London uliowafuatilia watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ulionyesha kwamba kuwapa vyakula vya njugu tangu uchanga kulipunguza mzio wa njugu kwa takriban asilimia 80, ukilinganisha na kuwaepusha nazo hadi umri wa miaka 5. Bila shaka njugu nzima hazipewi mtoto mdogo, zitamsakama; zinasagwa na kuchanganywa na uji. Anayepaswa kuziepuka ni yule aliyekwisha kudhurika nazo.

Sheria inasemaje? Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyopakiwa, EAS 38, ambacho Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hukitumia, kinataka vyakula vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwenye pakiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa afya yake. Lakini mandazi ya kibandani hayana pakiti, na kipande cha keki kinafungwa kwa gazeti au karatasi nyeupe. Nchi tajiri nazo zilikwama hapo hapo. Mwezi Julai 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliojazwa alioununua katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Simsim ilikuwa imeokwa ndani ya unga na pakiti haikuitaja, kwa kuwa chakula kilichopakiwa dukani hapo hapo hakikulazimika kuwa na orodha kamili. Uingereza ilibadilisha sheria hiyo Oktoba 2021. Kwetu, hadi lebo zifike kibandani, kinachomlinda mteja ni mazungumzo yake na muuzaji.

Wanaooka keki nyumbani na kupokea oda kwa WhatsApp wana nafasi nzuri kuliko wote. Oda huja mapema, kuna muda wa kuuliza. Kabla ya kutaja bei ya keki ya siku ya kuzaliwa au ya harusi, uliza: kuna mtu mwenye mzio? Andika jibu pamoja na oda. Oka keki hiyo kwanza, asubuhi, kabla njugu hazijafunguliwa jikoni. Na ukiipeleka, mwambie mwenye shughuli kilichomo, kwani atakayeikata mbele ya wageni ndiye atakayeulizwa.

Mambo yakiharibika, muda ni mfupi. Daktari Richard Pumphrey wa Uingereza alichunguza vifo vya anafilaksisi na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Kwa waliouawa na chakula, muda wa kati tangu kula hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Dawa inayookoa ni moja, adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kalamu za adrenalini ambazo Wazungu hubeba mfukoni ni adimu na ghali kwetu, lakini chupa ndogo ya dawa yenyewe ni ya bei ya chini na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Vidonge vya Piriton vitatuliza mwasho wa ngozi. Havifungui koo lililobana. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kumnywesha mtu aliyedhuriwa na chakula, hayana msaada wowote, na anayeshindwa kupumua anaweza kupaliwa nayo.

Mgonjwa asitembezwe. Alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama anahema kwa shida, aachwe akae. Kusimamishwa ghafla kunaweza kuusimamisha moyo wake. Hilo linaifanya boda boda kuwa usafiri mbaya kwa hali hii, basi gari likipatikana, litumike. Lisipopatikana, msisubiri. Pigieni simu kituo cha afya mnachokwenda, wajue mnakuja na mgonjwa wa namna gani, waandae sindano. Akipata nafuu, asirudishwe nyumbani mara moja, kwa sababu dalili zinaweza kurejea baada ya saa kadhaa. Mwenye pumu aangaliwe kwa makini zaidi.

Kwa maafisa wa afya ya umma wa Mumias Magharibi nina ombi moja. Kila mshika chakula hutakiwa kupimwa afya yake kila baada ya miezi 6, naye huja kwenu kwa ajili ya cheti. Siku hiyo hiyo, mwulizeni muuzaji wa vitamutamu anatumia nini kati ya ngano, mayai, maziwa, njugu na simsim, mwandikieni kwenye karatasi kwa Kiswahili, naye aibandike kwenye kabati lake mahali mteja anaweza kuisoma. Na mkitoka hapo, piteni katika zahanati iliyo karibu, mhakikishe kwamba adrenalini ipo na haijapitwa na wakati.